Tusi la Upande wa Wageni

Watu wakiniuliza kwa nini siendi tena mpirani Jumapili, nawaambia ni magoti. Uongo. Nabeba magunia kwenye ghala kule Clairwood siku sita kwa wiki, na magoti yangu hayajawahi kulalamika. Sitaki tu kukaa tena na watu wetu upande wa wageni.

Timu yetu ilikuwa ya Wakongo na Warundi wa Durban: vinyozi, mafundi simu, walinda magari, na sisi wa maghala. Uwanja wetu wenyewe hatukuwa nao, kwa hiyo kila Jumapili tulikuwa wageni wa mtu fulani. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa tukishuka kwenye taxi, mwenyeji anatafuta kufuli. Choo iko pale, hatua ishirini, lakini mwenzetu atakojoa ukutani nyuma ya chumba cha wachezaji. Mshika kibendera anarushiwa maganda ya machungwa. Na matusi, tena kwa Kizulu! Mtu amefika mjini juzi, kuomba maji kwa Kizulu hajui, ila kumtukana mtu kwa lugha hiyo anajua kuliko wenye lugha. Nilisema nikachoka. Waliniambia mimi ni mzee wa kanisa, mpira ni mpira, nikae chini.

Mwaka 2013 mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto alipofikisha miezi sita mama mkwe alipanda basi kutoka Lubumbashi kuja kumwona mjukuu. Alikuja pia kutukagua. Kule nyumbani walikuwa wamesikia jinsi wageni wanavyopigwa Afrika Kusini, na mama alimwambia binti yake waziwazi kwamba akikuta tunaishi kama mbwa, atarudi naye pamoja na mtoto. Na angeweza, maana mke wangu alikuja huku na pasipoti yake, hakuna mpaka ambao ungemzuia. Mwenye karatasi ya ukimbizi ni mimi.

Hapa lazima nieleze jambo, maana hata Wakongo wa upande mwingine huwa wananicheka. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye benchi moja. Na tusi la nguoni likitoka kinywani mwako naye yupo akasikia, umemvua nguo. Kinywa hicho kinaoshwa. Unakwenda kwao mwenyewe, na mbuzi, unasukutua maji mbele ya wajomba wa mke wako, na mama mwenyewe anapokea. Mpaka siku hiyo mke anakaa kwao. Si talaka, hakuna anayemchukia mwenzake, lakini mke hakai nawe.

Chumba chetu pale Sydenham kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Kwa wiki tatu nilikula nimesimama koridoni, nikalala sakafuni kwa jirani, nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe kama mtu wa kudai kodi. Mke wangu alikuwa akinicheka chinichini. Basi wiki ya tatu akaniletea habari: mama amesema Jumanne anarudi peke yake. Ameona majirani wanamsalimia, ameona mtoto ananenepa, na ameona mukwe, yaani mimi mkwe wake, ana heshima. Siku hiyo niliimba ghalani mpaka dereva mmoja wa lori akaniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Ilibaki Jumapili moja tu kati yangu na hiyo Jumanne. Lakini kipa wa timu yetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mama alitaka kumwona mwanawe akicheza. Nilijaribu kuzuia, kupitia kwa mke wangu. Nikasema jua ni kali. Nikasema tunacheza Chatsworth, ni mbali. Mama akajibu kwamba amekaa kwenye basi siku tatu, hiyo Chatsworth ni nini. Ningesema nini zaidi? Kwamba namwonea aibu mama mkwe kwa ajili ya watu wetu wenyewe? Ilinipasa kusema hivyo. Sikusema.

Wenyeji walikuwa na jukwaa lenye paa. Sisi tulipewa ngazi za saruji ng'ambo ya pili, hazina kivuli. Nilimkalisha mama juu kabisa, pembeni, mke wangu na mtoto wakiwa kando yake, nami nikashuka ngazi kadhaa na kumpa mgongo kama inavyotakiwa. Haikupita robo saa, mama mmoja wa Kihindi kutoka upande wa wenyeji akauzunguka uwanja mzima na mwavuli na kiti cha plastiki. Akampa mama mkwe kiti, akafungua mwavuli juu ya mtoto, akarudi kwao. Wakati anapita, wenzetu walimpigia miluzi. Mtu amewaletea kivuli, wanampigia miluzi! Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyekuwa akiongoza yote hayo ni fundi simu mmoja, mpiga ngoma wetu. Mtu mwema kabisa siku za kazi, atakutengenezea simu na kukuambia utalipa ukipata. Jumapili akishika ngoma na chupa mbili za bia, shetani mwenyewe anampisha njia. Nilimfuata mapema, nikamwomba kwa upole apunguze, nikamwambia leo iko wamama wazee. Akasema sawa, mukubwa, usijali. Nilirudi mahali pangu nimeridhika. Kosa langu la kwanza ni hilo, sikumwambia kwamba mmoja wao ni mama wa kipa.

Kipindi cha pili, mpira mwepesi, wa kuudaka hata ukiwa na sinia mkononi, ulipita katikati ya miguu ya shemeji ukaingia golini. Fundi simu hakungoja hata refa apulize. Alimtukana kipa tusi la mama, lile la nguoni, sitaliandika hapa. Kisha akalipigia ngoma. Wenzake wakalidaka, wakalifanya wimbo, ngazi nzima inaimba, watu wazima wenye watoto, watu ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wamepokea meza ya Bwana. Walikuwa wanamwimba mwanamke aliyekaa nyuma yao na mjukuu mapajani. Shemeji alikuwa golini, ameshika kichwa, anatazama juu kule alikokaa mama yake.

Nimefikiria dakika ile mara nyingi mno. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: mama wa kipa yuko hapa. Basi. Wangenyamaza, wangine wangepiga magoti kabisa, nawajua. Lakini nilikuwa nimekula koridoni wiki tatu, nimeona aibu misimu mitatu, na hasira ilinipanda ikafika kinywani kabla ya akili. Nilisimama nikamrudishia fundi simu tusi lile lile, la mama yake yeye, kwa sauti kubwa kuliko ngoma. Na nikaongeza. Nilitaja vitu ambavyo sikujua kama navijua.

Ngoma ilinyamaza. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa na mwenyewe. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake, na mama alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka usoni. Wakati wanamwimba hakujifunika, mke wangu aliniambia baadaye. Nilipofungua mdomo mimi, ndipo alipojifunika.

Walipoambiwa nani ni nani, fundi simu alilia. Kweli alilia, akalala chini mbele ya mama pale pale kwenye saruji, na mama akamwambia ainuke, hana neno naye. Kwake yeye ilikuwa rahisi. Jioni akanipigia simu kuomba radhi, nilipomweleza la kwangu akacheka, akasema hayo ni mambo ya kizamani, mimi nilikuwa namtetea mama, nani atanihukumu? Nilikata simu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda kazini, mama alinizungumzia kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno bila kumpitisha mke wangu.

“Mukwe, mi sina kasirani na weye. Lakini nilisikia.”

Nilisema samahani, nikasema nitanunua mbuzi hapa hapa, tumwite mzee yeyote wa kwetu aliyeko Durban. Nyuma ya pazia akaanza kukunja nguo za mtoto. Mchana mke wangu alimpigia mjomba wake mkubwa Lubumbashi, nami nikachukua simu nikaomba, nikaomba. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kinywa hakioshwi kwa simu, nije. Nikamweleza habari ya karatasi yangu: mkimbizi akirudi mwenyewe alikokimbia, si mkimbizi tena, na sina pa kurudi. Akasema anaelewa, na kwamba watanisubiri.

Jumanne niliwapeleka watatu kwenye basi. Mke wangu alilia, akanishika shati. Hakubishana na mama yake, na mimi sikumwambia abishane, kwa sababu tumelelewa nyumba zinazofanana. Alisema miezi mitatu, tutapata njia. Mtoto alikuwa amelala.

Nimetafuta njia. Ofisini karani alinifungulia kile kitabu cha kusafiria cha wakimbizi, akaniwekea kidole kwenye mstari: nchi zote isipokuwa hiyo moja. Nimeomba wakutane nami Zambia, upande wa pili tu wa mpaka, na mbuzi nitamleta. Wajomba wamesema mbuzi huyo anaingia kwenye boma la mwanamke, hachinjwi stendi ya mabasi. Ninawakasirikia, ninamkasirikia fundi simu, na kila Jumapili nikisikia kelele za mpira kutoka uwanja wowote, ninajikasirikia mwenyewe upya. Mama mkwe ndiye peke yake asiyemkasirikia mtu. Kila nikipiga simu anauliza, kwa mbali, kama mukwe anakula vizuri.

Sasa ni mwaka 2015 na mtoto ana miaka miwili na kitu. Anaongea vizuri, mke wangu humpa simu. Pale nyumbani kwa bibi yake hakuna anayeniita papa, yaani baba, jina langu ni lile analotumia bibi. Wiki iliyopita mtoto alishika simu, akanisalimia kwa adabu, taratibu, kama alivyofundishwa.

“Jambo, mukwe.”

Nilisikia wote wanacheka. Nikaitikia.