Kumbukumbu za Kurasa Kumi na Nne

Kalamu ya wino hakuitaka, inamwaga. Penseli ngumu nazo alizikataa, zinakwaruza karatasi kama kucha za paka. Mama Kumbukumbu alikuwa na penseli yake laini, nyeusi tii, na daftari lenye jalada gumu la kuweka magotini. Na ole wako uiazime penseli hiyo! Kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa chama cha mafundi seremala. Mashine zikizimwa, mafundi wakikalia mbao zao, yeye huyo kwenye kona ya karakana, anaandika kumbukumbu za kikao huku vumbi la msumeno likimtua kichwani.

Akachaguliwa mwenyekiti mpya, fundi madirisha, mtu wa haraka haraka. Huyo akaja na kompyuta ya chama kwapani.

"Katibu, kuanzia sasa nataka kumbukumbu zilizochapwa. Ukishindwa utuambie mapema, tutafute mwingine."

Mbele za watu, jamani! Mama Kumbukumbu aliumia. Kazi yenyewe malipo yake ya kuzugia tu, lakini ndiyo iliyompa jina na kiti tangu alipofiwa na mumewe. Akajikaza, akamwendea binti wa kaka yake, mpiga chapa.

"Shangazi, usitwange! Gusa tu."

"Nikigusa tu, nitajuaje kama imesikia?"

Wakajaribu kibodi tatu. Ya kompyuta yenyewe ilikuwa bapa, vidole vinateleza. Ya pili herufi zilishafutika. Ya tatu ilikuwa kuukuu, vitufe vimeinuka, ukibonyeza inalia ka, ka, ka. Shangazi mtu akacheka mpaka jino la mwisho.

"Nipe hiihii. Hii inajibu."

Alifanya mazoezi kila siku mchana kwa miezi miwili, na vidole vikapata mbio za ajabu. Akaenda kikaoni na kibodi yake kifua mbele. Siku hiyo fundi vitanda na fundi milango walikoromeana kwa sababu ya zamu ya mashine ya randa, wakatoleana matusi ya nguoni, kisha kabla ya kikao kwisha wakashikana mikono, wakacheka. Mama Kumbukumbu aliandika yote. Yote, nakuambia! Hata mtu aliyeomba maji ya kunywa aliingia.

Kikao kilichofuata alisimama kusoma, kama ilivyo desturi, ili wanachama wathibitishe. Kurasa kumi na nne. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu mpaka ukurasa wa tisa: "Fundi vitanda alisema kwamba milango ya mwenzake haifungwi kwa komeo, inafungwa kwa maombi."

Watu walivunjika mbavu. Fundi milango hakucheka.

"Haya si tuliyamaliza? Mbona mnayafukua?" Akachukua kofia yake, akatoka, akaapa hatakanyaga tena pale.

"Katibu, umetuvurugia chama," mwenyekiti akasema. "Kikao kijacho tutaamua kama unaendelea."

Alirudi nyumbani hoi. Akafungua madaftari yake ya zamani, akatafuta ugomvi mmoja aliokuwa anaukumbuka vizuri, wa watu kutaka kupigana kwa nyundo. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Palitokea kutoelewana, wahusika wakapatana." Akakaa kitako, akacheka peke yake. Miaka yote hiyo walimsifu kwa busara, kumbe ni uzito wa mkono! Penseli ilikuwa ikifika kwenye tusi, aliyelitoa keshaomba radhi.

Kesho yake alimfuata fundi milango kazini kwake, akamwomba radhi.

"Mama, wewe hukusema uongo," fundi alimjibu.

"Sikusema uongo, lakini nilikuumiza. Nisamehe."

Fundi akashusha pumzi. "Nitakuja kikaoni. Wakikufukuza, wanifukuze na mimi."

Siku ikafika. Mwenyekiti kuona daftari magotini, akaguna. "Tumerudi kulekule?"

"Kompyuta siiachi, nimeipenda," alisema Mama Kumbukumbu, roho juu. "Nitachapa nyumbani, nikuletee ukurasa mmoja safi. Lakini hapa mbele za watu nitashika penseli."

"Mwacheni mama afanye kazi," fundi milango akadakia.

"Nyamaza wewe! Msusa vikao, seremala jina tu, ndiye wa kunifundisha mimi uongozi?"

Fundi milango alisimama. Watu wote wakageuka kutazama, si yeye, bali mkono wa katibu. Penseli ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa. Mwenyekiti naye akaitazama, akaitazama sana, akajifuta jasho.

"Katibu, hilo umeliandika?"

"Bado, mwenyekiti. Nakungoja wewe."

Mwenyekiti alicheka kwa aibu, akamgeukia fundi milango, akampa mkono. "Ndugu yangu, ulimi umeteleza. Nisamehe." Kisha akakohoa. "Basi andika kwamba mwenyekiti ameomba radhi. Na wanaotaka katibu huyu aendelee na penseli yake, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooshwa yote, pamoja na wa mwenyekiti. Hilo Mama Kumbukumbu aliliandika papo hapo, bila kumngoja mtu.