Tochi ya Kumfukuza Mwizi

Juzi jioni nilikuwa nanunua betri za redio katika duka moja la mtaa wa Gisimenti, mama mmoja akaingia kuomba tochi ndogo ya kujilinda njiani.

"Hii iko kali sana, mama," muuzaji akamwambia. "Mwizi akikuja unamumulika macho, halafu unakimbia."

Mama akabonyeza kitufe kuijaribu. Mwanga ukampata muuzaji machoni, akayumba, akakumbatia gunia la mchele. Kwa hofu, mama akafuata maelekezo hadi mwisho: akatoka mbio, tochi mkononi.

"Mwizi! Mwizi!" muuzaji akalia, haoni kitu.

Mama akarudi akihema, tochi ameinyoosha mbele. "Iko wapi huyo mwizi?"

Muuzaji akafunika macho kwanza, ndipo akajibu: "Ameshaenda, mama."

Nami nikanunua moja. Sijawahi kuona bidhaa ikijaribiwa vizuri namna ile.