Jina Langu Chini ya Mstari

Nilikuwa na miaka saba nilipochaguliwa kuwa mwanajimnastiki, na nilichaguliwa kwa woga. Kocha mmoja wa kike wa shule ya michezo ya wilaya alikuja shuleni kwetu, jirani na Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, akatuning'iniza watoto ishirini kwenye chuma, mmoja mmoja, huku ameshika saa. Wenzangu walichoka wakaachia. Mimi nilitazama chini, nikaona mbali, nikaona heri nibaki hukohuko juu. Kocha akaandika kwenye daftari lake kwamba nina ustahimilivu.

Baba yangu ni mtu wa Dar es Salaam, wakala wa mizigo. Kazi yake ni kukusanya bidhaa za wafanyabiashara wa nyumbani na kuzifikisha bandari ya Nansha zikapakiwe kwenye kontena. Alipoambiwa binti yake amechaguliwa, aliuliza mazoezi yanakwisha saa ngapi. Wakamjibu saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kufunga ofisi, basi akakubali. Mama alikuwa na sharti moja tu: suruali ya kubana iliyofika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kocha akapekua kitabu cha kanuni, akakuta inaruhusiwa, na hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo.

Mazoezi yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Unafanya kitu kimoja mara mia, kesho unakirudia. Nilipokuwa nikipiga msamba, kocha alinikalia mgongoni ili nishuke zaidi, na kwa kuwa muda ulikuwa mrefu, alimenya chungwa. Alinipa kipande kimoja kila mara. Hakuwa mtu mbaya.

Shindano langu la kwanza la watoto nilikuwa na miaka tisa. Lilipokwisha walibandika orodha ukutani: majina yenye namba kuanzia moja hadi ishirini na tatu, kisha mstari, na chini ya mstari jina langu, alama zangu zikiwa pembeni, bila namba. Kocha akanieleza. Pasi yangu ilikuwa ya nchi nyingine, na lile shindano lilikuwa la watoto wa mji. Walinikubalia nishiriki, waamuzi wanipe alama, lakini nafasi sina. Nilipolinganisha, alama zangu zingenipa nafasi ya nne.

Baba alikuja kunichukua, akasimama mbele ya ile orodha kama anavyosimama mbele ya karatasi za mzigo. Nikamsomea. Akauliza ule mstari ni wa nini, nikamwambia. Hakusikitika hata kidogo.

“Basi wewe ni sampuli, mwanangu,” alisema. “Sampuli haiingii kwenye idadi ya oda. Laoban, mwenye kiwanda, anaiweka pembeni kwa sababu ndiyo nzuri kuliko mzigo wote.”

Hakusema hivyo kunibembeleza. Kwake hilo lilikuwa jambo la kazi, na anaijua kazi yake. Kufikia Ijumaa, Xiaobei nzima ilikuwa na habari kwamba wakala ana binti sampuli. Mteja wake mmoja wa Lubumbashi aliniita hivyohivyo kwa Kifaransa, échantillon, miaka yote, mpaka nilipomzidi urefu.

Niliamini jambo hilo kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kisha nikaanza kuona mambo. Wenzangu walipoanguka, kocha aliwakaripia hadi masikio yakawa mekundu. Mimi nilipoanguka aliniambia haidhuru, akanipangusia chaki. Wao walisema nina bahati. Nililala nikiwaza lile karipio, nikalionea wivu, nikaona aibu kwa kulionea wivu. Siku moja nilianguka kwa makusudi, mara nne mfululizo. Kocha akaniuliza kama nimekula vizuri.

Nilipofika miaka kumi na minne, makocha wa timu ya mkoa walikuja kuchagua. Waliwachukua wasichana wawili niliokuwa nikiwashinda. Mimi waliitazama pasi yangu, wakaitazama tena, wakanipa peremende.

Baada ya hapo nilirefuka, jambo ambalo katika jimnastiki ni kosa lisilo na dawa, na kila mtu alidhani nitaacha. Sikuacha. Niliingia chuo kikuu hapahapa Guangzhou kusomea usafirishaji wa mizigo, maana nyumbani kwetu hakujawahi kutajwa somo jingine, na wiki ya kwanza nikaenda kwa kocha wa timu ya chuo. Nilimuuliza kama mwanafunzi mgeni anahesabiwa. Akasema anahesabiwa. Nilimuuliza tena, kisha nikaomba kanuni iliyoandikwa. Akanionyesha, akiwa ameanza kukereka: kwenye kila kifaa wanapanda wachezaji watano, alama nne zilizo bora ndizo za timu. Kuhusu pasi haikusema lolote.

Kwenye shindano la vyuo tulikuwa wa pili hadi kifaa cha mwisho, boriti, ule mti mwembamba unaochezewa juu yake. Aliyetangulia mbele yangu ni nahodha wetu, msichana asiyeanguka. Alianguka mara mbili. Alama zake ndizo zikawa za tano, za kutupwa, na maana yake ilikuwa moja tu: zangu zingehesabiwa, ziwe zilivyo.

Nikapanda. Niliyapita magumu yote salama. Kisha, kwenye kugeuka kwa mguu mmoja, kitu nilichokifanya tangu nikiwa na miaka kumi, nikajikuta nimesimama sakafuni. Nikapanda tena, nikamaliza. Tulishuka kutoka wa pili hadi wa tano.

Kocha alitupanga ukutani kwenye ujia. Kwa nahodha alisema maneno machache. Kisha akaja kwangu, na kwangu alikaa. Alisema ule mgeuko wanauweza watoto. Alisema wenzangu wamefanya kazi mwaka mzima na mimi nimewashusha nafasi tatu kwa uzembe. Aliendelea mpaka walinzi wa jengo wakachungulia. Nahodha, macho yamevimba, akaniambia bila kunitazama: “Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mimi na wewe, kwenye boriti. Na usichelewe.”

Hapo nikalia, kwa sauti, mbele ya watu. Nadhani kocha aliona amezidisha.

Baba alikuwa nje. Tulipoifikia stesheni ya metro akanunua maji, akanipa.

“Mmeshindwa,” alisema.

“Tumeshindwa.”

“Kosa la nani?”

“La kwangu, baba,” nikamwambia. “La kwangu mimi.” Akanitazama usoni, akaniomba niseme tena taratibu, kwa sababu nilikuwa nacheka.