Kisigino cha Kushoto cha Baba

Hebu nikwambie kilichonitoa jasho Jumapili iliyopita. Nilienda kwa wazazi wangu Mountain View baada ya kanisa, kama kawaida, nikavua viatu mlangoni. Pale chini nikaona viatu vya Baba vimetupwa ovyo, nikaviinua niviweke vizuri. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeliwa upande wa nje peke yake, na ncha ya kiatu imekwaruzika mpaka rangi imetoka. Kile cha kulia kilikuwa kizima. Na ajabu ni kwamba kisigino hicho kilichoisha ndicho kilichobadilishwa juzijuzi, maana nyuzi za fundi zilikuwa bado nyeupe. Nikakigeuza mara mbili, mara tatu. Wewe labda ungeona viatu vikuukuu tu. Mimi nililelewa na mtu ambaye kwake kitu kikiliwa upande mmoja, hakijazeeka. Kuna kitu kinakila.

Baba alikuwa dereva wa familia moja kule Lavington. Gari la tajiri wake lililala huko huko nyuma ya geti. Letu lilikuwa kigari cheupe, kizee, kinalala chini ya dirisha la jikoni. Jumamosi asubuhi Mama alichemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kazi yangu mimi ilikuwa kusugua rimu kwa maji ya sabuni, mikono imeganda kwa baridi. Baba alinifuata nyuma akipapasa matairi. Kiganja kinaingia ndani, halafu kinarudi nje. Siku moja akanishika mkono akauweka pale. Kwenda kulikuwa laini, kurudi vimeno vidogo vikanikwaruza.

"Umesikia hizo meno, mami?" akaniuliza, kwa jina alilozoea kuniita. "Hii gurudumu haitembei. Inaburutwa."

Jamani, nilivyopenda asubuhi zile! Harufu ya mpira uliolowa na ya mahindi yanayotokota, redio ya jirani ikiimba nyimbo za injili, na mimi najiona fundi mkubwa.

Halafu gari likaanza kuvuta kushoto. Nilikuwa nakaa nyuma, upande huo huo wa kushoto, Mama mbele yangu, Baba akimpeleka kazini Upper Hill na mimi shuleni. Kushoto kwetu, kando ya Waiyaki Way, kulikuwa na watu wanaotembea kwenda kazini kutoka Kangemi, na watoto wenye sweta kama yangu. Kila Baba alipolegeza mkono, pua ya gari iliwaendea. Niliogopa, nikawa nakaa nimeegemea kulia kana kwamba nitalirudisha gari. Mama alitazama mbele tu, nami nikatazama mbele.

Jirani yetu mwenye teksi aliinama akachungulia, akasema tairi limeisha upande wa ndani tu. "Peleka kwa mtu wa pancha aigeuze kwa rimu, ile side nzima iingie ndani. Iko na maisha bado." Wengi mtaani walifanya hivyo. Gari la tajiri Baba asingelitendea vile hata kwa dawa, lakini hili lilikuwa letu, akaligeuza tairi. Siku chache gari likatulia, tukashukuru Mungu. Kumbe sasa tulikuwa tunatazama ubavu ule mbovu ulioletwa nje, na ule mzuri unaliwa huko ndani tusikoona.

Tairi lilipasuka asubuhi, tukiteremka karibu na Kangemi. Tuuu! Gari likaruka kushoto, kwa watu. Nilimwona mama mmoja na beseni la mandazi, akanikazia macho, nami nikamkazia yangu. Mama yangu akapiga kelele, "Yesu!" Baba akauvuta usukani kwa mwili wake wote, na tukasimama gurudumu moja mtaroni. Mandazi yalikuwa yanabingirika barabarani. Yule mama alikuwa amesimama, anajishikashika miguu kama anayehakikisha iko yote miwili. Baba alijaribu kufungua nati, spana ikamponyoka. Mama ndiye aliyeiokota. Upande wa ndani wa tairi waya zilikuwa zimechomoza, nyekundu kwa kutu.

Baada ya pale Baba hakukisia tena. Alijaza upepo sawa pande zote. Aliliendesha gari kidogo kisha akagusa rimu moja moja, asikie kama kuna iliyopata moto kwa breki kubana. Akahamishia tairi la mbele la kushoto kulia, na la kulia kushoto, na gari bado likavuta kule kule, kwa hiyo si tairi. Mwisho akanipeleka kwenye kijibarabara tambarare cha Lavington, kitupu, Jumapili.

"Usiniangalie mimi, mami. Angalia boneti inaenda wapi." Na akaachilia usukani. Mama wee! Niling'ang'ania kiti cha mbele kwa kucha. Pua ikaenda sawa, ikaenda sawa, halafu taratibu ikaanza kuinamia ua wa watu upande wa kushoto.

Nyumbani aliliinua gari kwa jeki akalitikisa gurudumu. Likagonga, ka, ka, ka. Kiungo cha usukani kilikuwa kimelegea. "Ndio hii. Tairi ilikuwa inatulilia tu, na sisi tunaigeuza." Tangu hapo ikawa amri ya nyumba yetu, hakuna kugeuza tairi kabla ya kujua linaliwa na nini.

Basi Jumapili iliyopita niliingia sebuleni na kiatu mkononi. Baba alikuwa anakunywa chai.

"Baba, hii kisigino umeweka lini?"

"Aa, hawa mafundi wa siku hizi. Wanaweka mpira mbaya."

Mama alikuwa anakoroga chai yake, sukari imeshayeyuka kitambo. Akasema bila kuinua macho, "Mwambie pia vile vikombe vinakuanguka mkono huo wa kushoto. Tangu juzi."

"Baba," nikasema nikikiweka kiatu miguuni pake, "umegeuza tairi."

Alitaka kucheka, akaacha. Nikamwomba atembee kutoka mlangoni hadi getini, bila kushika ukuta. Alisimama, akanyoosha shati. Akaenda sawa, akaenda sawa, halafu taratibu akaanza kuelekea kushoto, kwenye mikebe ya maua ya Mama. Akasimama pale, mgongo kwangu.

"Inavuta wapi, mami?"

"Kushoto, Baba."

"Haya basi. Twende hospitali. Endesha wewe."

Kigari cheupe kiliuzwa kama vyuma chakavu zamani. Jirani wa teksi tulimzika. Dirisha la jikoni sasa linatazama ukuta wa fleti, na hakuna anayechemsha muthokoi Jumamosi. Hayo yote nilikuwa nimeyazoea. Lakini Baba, maisha yake yote, hakuwahi kumpa mtu wa nyumbani funguo za gari, na siku hiyo akanikabidhi za lake. Mama aliketi mbele na mkoba wake. Baba akafungua mlango wa nyuma, wa kushoto, akakaa pale nilipokuwa nakaa mimi. Tulipoingia Waiyaki Way nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekishika kiti cha Mama kwa mkono ule mmoja mzima, kwa kucha, anaangalia boneti inaenda wapi.