Kisima Chini ya Nguzo ya Tatu

Mwashi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka, alikwenda kwenye mkutano wa jengo jipya kwa kusukumwa na binti yake. Mwenyewe alidhani wataonyeshwa picha, watapiga soga, kisha kila mtu arudi kwake.

Walikutana katika darasa la shule ya mtaa. Msanifu wa jengo, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alibandika michoro ubaoni: ghorofa sita, vibaraza kwa mbele, maegesho chini. Watu wakamjia juu. Fundi cherehani alilalamika kwamba kivuli kitamfunika mchana kutwa, awe anashona kwa taa. Mama wa nyumba ya pembeni alitaka kujua vibaraza vitatazama wapi, maana bafu lake la uani halina paa na hana nia ya kuoga mbele ya hadhara. Watu wakacheka. Mwingine akasema rangi ile ni ya dawa ya kikohozi.

Timazi hakucheka. Alikuwa amesogea hadi ubaoni, anahesabu nguzo kwa kidole. Alipofika ya tatu kutoka ukuta wa nyuma wa kiwanja, kidole kikasimama.

Hapo palikuwa na kisima. Miaka zaidi ya thelathini nyuma, mwenye kiwanja alimwagiza akijaze mawe mpaka juu. Mawe yalipoisha hata robo hayajafika, naye ana haraka ya kazi nyingine, alitupia matawi na takataka, akamwaga zege jembamba juu yake, akasawazisha udongo. Mwenye kiwanja alimsifu, na sasa alikuwa marehemu. Hakuna mwingine aliyejua.

Akarudi kukaa. Binti yake alimtazama usoni, akamwuliza kama ana homa. Akisema, heshima yake yote inakwisha mbele ya majirani. Asiposema, aliona watoto wakipanda ngazi za ghorofa sita juu ya shimo. Msanifu alikuwa ameanza kukunja karatasi zake.

"Mwanangu, subiri," Timazi alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua. "Nguzo ya tatu mmeiweka juu ya kisima. Nilikifunika mimi, na sikukijaza."

Watu wakageuka kumtazama. Binti yake akainamisha kichwa. Msanifu hakumkemea, alimwuliza tu kama anaweza kumwonyesha.

Asubuhi yake walikwenda kiwanjani wawili na mtarimbo. Timazi alipima hatua kutoka ukutani, akapiga. Udongo. Akapiga tena, safari hii chini palilia kama pipa tupu. Pigo la tatu mtarimbo ukazama wote, ukamponyoka mikononi. Walisimama wakisikiliza. Ulichukua muda kugonga chini.

Ndipo walipotazama miguu yao.

"Rudi nyuma, mzee," msanifu akasema kwa kunong'ona. "Polepole. Usinyanyue mguu, uburute."

Michoro ilichorwa upya. Jengo likasogezwa, likawa ghorofa nne, na kisima kikafukuliwa na kujazwa inavyotakiwa. Fundi cherehani alipata jua lake, akaja kushukuru. Mtoto wa marehemu mwenye kiwanja, aliyepoteza ghorofa mbili, aliacha kumsalimia Timazi. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni miguu yake mwenyewe: hata sebuleni kwake, hutanguliza kisigino, akasikiliza kwanza, kisha ndipo akakanyaga.