Mguu Mgumu na Mguu Mlegevu

Mwanangu, weka simu chini kwanza, unisikilize. Tangu asubuhi unazunguka uwanja wangu ukiimba magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, hata kuku wameyakariri. Nikikuuliza kiharusi kinamfanya mtu nini, unarudi kuanza wimbo mwanzoni. Mtihani ni Jumatatu, mwaka jana ulianguka, na mimi nimefundisha wauguzi hapa Kasongo mpaka mvi zimenijaa. Unanichosha, lakini sikufukuzi. Kaa.

Nakumbuka siku moja, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, tulipofanya mtihani wetu wa wodini. Tulikuwa na mwenzetu, Asani, mtoto wa Kabambare. Tulimwita Redio, na utaelewa kwa nini. Silabusi, kitabu chetu cha masomo, ilikuwa moja tu, ya Kifaransa, kwa hiyo tuligawana sura na kuzitia katika nyimbo ili zisitoke kichwani. Sura ya kupooza ilikuwa yake. Aliimba visababishi vyote vya kupooza miguu kwa sauti ya wimbo wa kanisani, akirudi mtoni na ndoo, nasi nyuma yake tukiitikia. Neno konzo, jina la ugonjwa mmojawapo, lilikuwa katika kiitikio. Tuliliimba kila siku, kama tunavyoimba Amina.

Mwalimu wetu, Mama Zaina, alikaa na watahini wenzake. Mgonjwa aliyepewa Redio alikuwa msichana aitwaye Mapendo, ambaye mama yake alimleta kwa pikipiki kutoka upande wa Lusangi. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakikwaruzana, fimbo mkononi. Redio hakumgusa. Alisimama wima, akafumba macho, akaanza kumwaga orodha.

"Basi mutoto huyu iko na nini?" Mama Zaina akamkatiza.

"Polio, Mwalimu."

"Umekunja mguu wake?"

"Bado, Mwalimu."

"Ukunje."

Akajaribu. Mguu ukagoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Polio hulegeza mguu, mwanangu. Ukiuinua na kuuachia, unaanguka kama kitambaa. Huu ulikuwa mgumu, na nyundo ndogo ilipogusa chini ya goti, uliruka kwa nguvu.

"Redio, jizime sasa," alisema Mama Zaina. Tuliokuwa tunangoja zamu tukacheka. Akatutupia jicho kali. Kisha akamgeukia mama wa mtoto. "Mama, ilianza namna gani?"

"Alilala muzima. Asubuhi miguu ikakataa. Mugongo haumuumi, na ukimugusa anasikia."

"Mulikuwa munakula nini?"

"Ugali na chumvi. Samaki hakuna, maharagi hakuna." Mama akainamisha kichwa. "Wachimba dhahabu wanataka unga kila siku. Muhogo tunauloweka usiku moja tu, tunaanika, tunatwanga. Ule unabaki, ndio wetu."

Redio akajishika kichwa. Kwao Kabambare, bibi yake hakuthubutu kuutoa muhogo mchungu majini kabla ya siku tatu. Yeye mwenyewe, angali mdogo, ndiye aliyetumwa kijitoni kuuminya kama umelainika. Mtoto gani wa huku hajui kwamba muhogo mchungu una sumu? Lakini tulidhani ya nyumbani ni ya nyumbani, na ya mtihani ni ya Kifaransa. Hatukufikiri kwamba ugonjwa wa kitabuni ungeweza kukaa katika sufuria ya ugali.

"Nyumbani amebaki nani?" Mama Zaina aliuliza.

"Wadogo zake wawili."

"Wanakula unga gani?"

"Ule ule."

Hii ilikuwa konzo yenyewe, kupooza kunakoletwa na sumu ya muhogo usiolowekwa vya kutosha. Konzo haiponi, miguu ikishakakamaa, imekakamaa. Mapendo angebaki na fimbo yake. Wale wawili bado walikuwa wanakimbia, na jioni ile ugali ungesongwa tena.

"Weye," Mama Zaina akamwambia Redio, "ukiandika polio, mama huyu atarudi kupika. Utapanda pikipiki pamoja naye leo hii. Ukirudi utanieleza, bila kuimba."

Akaenda. Barabara ya huko unaijua: kuna mahali pikipiki hukubeba, na mahali pengi wewe ndiye unayeibeba. Aliwakuta watoto uwanjani wanacheza. Unga ukamwagwa, jirani mmoja akawakopesha maharagi, na Redio akakaa kijitoni na akina mama mpaka muhogo mpya ulipolainika. Katika kikao cha pili, mtihani wa marudio, alifaulu, akisema polepole. Mmoja wa wadogo wale ndiye anayekuleta kwa pikipiki kutoka Kabambare kila likizo ikiisha, yule unayemlalamikia kwamba anakimbiza mno.

Sikukatazi kukariri. Majina lazima uyajue. Ila elimu bila amali ni kama nta bila asali. Uulize mguu kwanza: wewe ni mgumu au mlegevu? Mgumu, mara nyingi shida iko juu, katika ubongo au uti wa mgongo. Mlegevu, mara nyingi iko chini, pale mishipa inapotoka kwenda kwenye misuli. Halafu mwulize mwenye mguu. Ilianza ghafla au polepole? Ukimgusa, anahisi? Mgongo unamuuma? Anakula nini? Orodha yako ndefu itajifupisha yenyewe, na utakapolisema jina litakuwa na mtu ndani yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na wewe, mwanangu, si mjinga. Una haraka tu.

Mungu akufungue masikio kabla ya kukufungua mdomo, aibariki mikono yako, na yeyote utakayemgusa apate nafuu au, angalau, ndugu zake wapone.

Sasa vaa koti lako jeupe uende wodini. Karibu na dirisha kuna mzee aliyepooza upande mmoja. Mwamkie, kaa, mwulize ilianza namna gani, umwache amalize. Silabusi iache hapa kwangu; utaifuata jioni.