Ushuhuda wa Yaya Odette

Wapo wanaoupenda mchaichai, ule ambao sisi wa Kisangani tunauita sinda, wakautia kwenye chai na kuisifu harufu yake. Mimi harufu hiyo hunitia hasira. Hunirudisha chini ya blanketi zito la kijivu, nyumbani kwetu katika komini ya Tshopo, ambako dada yangu mkubwa, Yaya Odette kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, alikaa ameinamia sufuria ya majani hayo yaliyochemshwa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nakohoa kidogo, nikasukumwa humo humo pamoja naye ili dawa isipotee bure. Mvuke ulituchoma macho. Jasho lilitiririka hadi mkekani. Masikio yangu yalikuwa karibu na mgongo wake, nikasikia kifua chake kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Ulikuwa msimu wa mvua, na mafua makali yalikuwa yameingia mtaani nyumba kwa nyumba. Watoto wengi tulilala siku chache tukaamka na kurudi kwenye michezo. Odette, aliyetuzidi wote kwa nguvu, ndiye aliyeangushwa.

Ni lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani, maana baadaye watu walimsahau. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa mlima wa udongo mwekundu unaoteleza. Odette aliupanda na bidoni ya maji kichwani huku akiimba, na hakuimba kwa sauti ya chini. Kwaya ya kanisa ilimpa beti zote za peke yake. Alikuwa anasomea ualimu, na jioni alitupanga sisi wadogo uani, akaandika kwa mkaa ukutani, akatukemea kama mwalimu aliyezaliwa na kazi hiyo. Papa, ambaye alipata riziki kwa kubeba abiria kwenye baiskeli, zile toleka zinazojaa mjini kwetu, alikuwa akimwambia kila abiria kwamba binti yake atakuwa mwalimu. Nadhani wapo waliolipa nauli haraka ili wateremke wapumzike kutokana na habari hizo.

Homa ilipomtoka, nyumba nzima ilifurahi, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Odette alikuwa ameombewa kanisani, na kwetu mtu aliyeombewa akapata nafuu hapumziki kwanza. Hushuhudia kwanza. Mama alinunua kitambaa kipya, tukashonewa sare, akapika wali na kuku wa kupeleka kanisani, na Jumapili Odette akasimamishwa mbele, bado amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Mchungaji alimwinua mkono. "Muangalie huyu mutoto!" alipaza sauti. "Alikuwa anakufa, leo iko muzima! Bon, nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Ngoma zilipigwa, akina mama wakapepea leso, na watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga pale wakaja Jumapili iliyofuata kwa ajili ya ushuhuda ule. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na haraka. Kuanzia siku ile dada yangu alikatazwa kuumwa. Hakuna aliyeyatamka maneno hayo, lakini wote waliyafuata.

Maana hakuwa amepona. Homa ilikuwa imekwenda, lakini pumzi haikuwa imerudi. Katikati ya mlima alisimama, akatua bidoni, akajifanya anarudishia kamba ya kandambili ambayo haikuwa imechomoka. Nilisimama naye nikiona mabega yake yanavyopanda na kushuka. Siku nyingine alilala mchana kutwa, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Alipomweleza Mama, jibu lilikuwa kali.

"Ulishashuhudia, Odette. Usiseme tena uko mugonjwa."

"Mama, mi nachoka. Pumzi haifike."

"Kohoa mu kitambaa. Watu wasisikie."

Kwa muda mrefu nilimchukia Mama kwa maneno hayo. Nilipokua nilielewa alikuwa anaogopa nini. Mtaani kwetu msichana aliyeombewa mbele ya watu wote kisha akaendelea kukohoa huanza kunong'onwa: huyu ana kitu, huyu ni ndoki, ni mchawi, huenda mafua yenyewe ameyaleta yeye. Nilishaona watoto waliofukuzwa kwao kwa uchawi wa kusingiziwa, wakilala sokoni. Mama alikuwa akimficha mwanawe asipatwe na hayo. Kuelewa huko hakujanipoza. Kumenifanya niwakasirikie watu wengi zaidi.

Asubuhi moja Papa alimpakia Odette nyuma ya toleka akampeleka kwenye zahanati ya mtaa wa pili, nami nikakimbia pembeni. Muuguzi alimpima malaria, akampima homa, akamsikiliza kifua kwa muda wa kupiga chafya. "Malaria hakuna, homa hakuna," alimwambia Papa. "Papa, binti yako iko muzima. Ni uvivu tu ya wasichana." Papa alishukuru! Alivua kofia, akashukuru, kwa sababu mtu mwenye koti jeupe alikuwa amesema. Njia nzima ya kurudi Odette alikuwa amefumba macho, na Papa akanyonga baiskeli bila kumtajia mtu yeyote habari za ualimu.

Kisha ikaja Pasaka. Odette alisimama kuimba ubeti wake, akaanza vizuri, na katikati ya mstari hewa ikamwishia. Alifungua mdomo, sauti ikakosekana, kikohozi kikaja. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Mchungaji alisema adui anaushambulia ushuhuda, na kwamba dawa yake ni mfungo, bila chakula wala maji. Msichana asiye na pumzi akafungishwa! Damu hunichemka hata ninapoandika. Alitoka kwenye mfungo ule akiwa hawezi kufika chooni bila kushika ukuta. Hapo akakata shauri mwenyewe. Shule ilikuwa mbali, na walimu walikuwa wamechoka kumwona akiingia kwa kuchelewa. Alikunja sare yake ya shule akampa binamu yetu. Hakulia mbele yangu. Akaanza kuuza kwanga, ule mkate wa muhogo, kando ya barabara, kazi inayofanywa mtu akiwa ameketi.

Leo mimi ni daktari, na kazi yangu ni utafiti wa mapafu na wa magonjwa ya virusi ambayo homa yake huondoka lakini yenyewe hubaki mwilini kwa miezi, kwa miaka. Sasa tuna mashine za kupimia pumzi. Tuna jina la jambo hilo, na tuna makala tunazosomeana katika vyumba vyenye kiyoyozi. Mtu angedhani tumetoka mbali. Lakini nimehudhuria sherehe za kuwaaga waliotibiwa magonjwa hayo, na nimeona wagonjwa wakipangwa mstari, wakapewa cheti cha kupona, sabuni na godoro, wakaimbishwa, wakapigwa picha na wageni. Halafu faili hufungwa. Nilipodai kwenye kikao kwamba watu hao wafuatiliwe, niliambiwa nitawavunja moyo wananchi, kwamba watu wanahitaji habari njema. Nilipiga meza. Niliyaona yale yale: ngoma, leso, mkono ulioinuliwa. Ndiyo maana wagonjwa wangu hunidanganya. "Niko bien, Dokta," wanasema, ilhali kwenye ngazi wamesimama wakijifanya wanajibu simu. Wana cheti, nani atawaamini? Wanajikaza kisabuni, nasi tunaandika kwamba wamepona.

Odette mwenyewe alikataa kuja kupimwa kwa miaka. Kila nilipomwita alicheka, akasema yeye alishashuhudia. Mwezi uliopita alikuja. Aliketi kwenye kiti changu akiwa na kilemba chake kizuri, nywele za mvi zikichungulia, akashika mrija kwa midomo akapuliza. Mstari kwenye kioo cha mashine ulipanda kidogo, ukalala. Nilimwambia apulize tena, kisha tena, na kila mara ukalala pale pale. Kama mtafiti sitakiwi kuapa kwamba ni mafua yale. Amepika kwa kuni maisha yake yote, na moshi nao una sehemu yake. Kama mdogo wake, naapa.

Nilichapisha karatasi, nikamwonyesha kwa kidole. Nilimwambia kwamba mapafu yake yameumia, kwamba yameumia zamani, kwamba haukuwa uvivu wala shetani. Nilikuwa nimengoja kumwambia maneno hayo tangu utotoni, na niliyasema kwa hasira na kwa kitu kinachofanana na ushindi. Aliitazama karatasi. Akaikunja, akanirudishia mkononi.

"Bon," alisema. "Sasa utaonyesha nani? Mama alishakufa, pasta alishakufa. Mimi, nilikuwa najua."